Mpaka uliosogezwa hadi Agadez: kisa cha Sheria Namba 2015-36 ya Niger

Tarehe 26 Mei 2015 Niger ilipitisha Sheria Namba 2015-36 ya kupambana na magendo ya wahamiaji. Kwa zaidi ya mwaka ilibaki kwenye makaratasi. Katikati ya 2016 ikaanza kutekelezwa kwa nguvu mjini Agadez, na tarehe 25 Novemba 2023 utawala wa kijeshi ukaifuta. Kati ya tarehe hizo Niger ikawa mfano uliotajwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, kila zilipozungumziwa nchi ambazo wahamiaji hupitia kwenda Ulaya: serikali inayoshirikiana, fedha zinazoonekana kazi yake, na idadi ya wasafiri inayoshuka mwezi hadi mwezi.

Wengi waliokosoa sheria hii walilalamikia ukali wa adhabu zake. Adhabu zilikuwa kali kweli, lakini tatizo kubwa lilikuwa kwingine. Kosa lililoandikwa kisheria ni kosa la mpakani, nalo likawa linakamatwa karibu kilomita 1,000 kabla ya mpaka wenyewe, ndani ya nchi ambayo abiria wengi waliteremshwa wakiwa na haki ya kuwepo. Karibu kila kilichoharibika baadaye kinaanzia hapo.

Biashara iliyolipa ushuru

Agadez iko kilomita 900 na ushei kutoka Niamey kwa barabara. Kutoka Agadez hadi Toummo, mpakani mwa Libya, ni karibu umbali huohuo tena, safari hii ikiwa mchanga na changarawe, kupitia Dirkou, Séguédine na Madama. Mkoa wa Agadez peke yake ni zaidi ya nusu ya eneo la Niger, ila sensa ya 2012 haikukuta hata watu 500,000 ndani yake.

Mji uliwahi kuishi kwa utalii. Watu walikuja kuona mji mkongwe wa udongo na mnara wa msikiti wenye mita 27, kisha wakapelekwa milima ya Aïr na jangwa la Ténéré na madereva wa Kituareg. Uasi wa Watuareg wa 2007 hadi 2009 ulikata riziki hiyo. Miaka hiyohiyo mbio za Dakar zilihamia Amerika ya Kusini, na ndege za kukodi zilizoleta watalii kutoka Paris zikakoma. Urani ya Arlit haikuwahi kuajiri watu wengi kiasi cha kuziba pengo. Kilichobaki mkononi kwa wenyeji kilikuwa magari, na ujuzi wa kusoma jangwa.

Usafirishaji wa abiria kwenda kaskazini haukuanza kama uhalifu. Baada ya mikataba ya amani ya miaka ya 1990, wapiganaji wa zamani waliachiwa kuingia kwenye biashara hiyo ili wawe na shughuli. Ofisi za usafiri zilisajiliwa, manispaa ilikusanya ushuru kwa kila abiria, polisi walikuwa na orodha. Libya ilipoporomoka mwaka 2011, upande wa pili wa mpaka haukuwa tena na wa kuzuia, na biashara iliyokuwepo ikakua mara kadhaa.

Ilivyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kijana kutoka Gambia, Senegal, Guinea au Nigeria alishuka basi Agadez baada ya kupita vizuizi vya barabarani kuanzia mpaka wa Burkina Faso, kila kizuizi kikidai chake, faranga elfu chache za CFA. Stendi alipokelewa na mpiga debe wa taifa lake au wa lugha yake. Anayeikumbuka stendi ya zamani ya Ubungo hahitaji kuelezwa zaidi. Mpiga debe alimpeleka kwenye geto, yaani ua uliozungushiwa ukuta wa udongo ambamo makumi ya watu walilala wakisubiri gari au fedha kutoka nyumbani. Mwenye geto, mpiga debe, mwenye gari na dereva walikuwa watu wanne tofauti, kila mmoja na fungu lake. Nje ya mnyororo huo walikuwepo muuza madumu, mama lishe, wakala wa kutuma pesa, fundi magari na muuza vilemba na miwani ya vumbi. Mji wote ulikula humo.

Mara moja kwa wiki, kwa kawaida Jumatatu, msafara wa jeshi uliondoka kuelekea Dirkou kupeleka askari na shehena za kambi za kaskazini. Pikapu za abiria zilijipanga nyuma yake, wakati mwingine zaidi ya mia moja kwa safari moja. Gari likikatika ekseli, lililofuata lilisimama. Likipotea, kulikuwa na watu waliojua kwamba liliondoka na halikufika. Ulinzi huo haukuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote, wala hakuna aliyeuorodhesha miongoni mwa vitu ambavyo sheria ingeviondoa.

Hesabu ya pikapu moja

Gari lenyewe kwa kawaida ni Toyota Hilux, nalo hubeba abiria 25 hadi 30. Shehena hupangwa chini kwanza: madumu ya mafuta, mizigo, magunia. Juu yake hukaa watu. Wa pembeni huning'iniza miguu nje na kila mmoja hushika fimbo iliyosimikwa na kufungwa kwa kamba kwenye bodi. Fimbo ikichomoka, mtu huanguka, na si kila dereva anasimama.

Kila abiria hubeba dumu lake la maji, mara nyingi la lita tano, moja au mawili, lililoshonewa gunia linalolowekwa ili maji yapoe. Jina huandikwa ubavuni kwa sababu madumu yote hufungwa nje ya gari. Watu 30 wenye lita 10 kila mmoja ni lita 300, yaani kilo 300 kabla ya kuhesabu miili na mafuta. Kwenye joto linalopita nyuzi 40, mtu anayekaa juani anaweza kumaliza lita tano hadi kumi kwa siku. Kwa hiyo maji yale yanatosha siku moja mpaka mbili, kwenye safari ya siku tatu ikiwa mambo yote yatakwenda vizuri. Mahesabu hayo yaliwezekana kwa sababu njia kuu ilikuwa na visima na vituo vya kujaza tena.

Nauli ya Agadez hadi Libya kabla ya utekelezaji ilikuwa kati ya faranga 100,000 na 150,000. Gari la watu 30 kwa nauli ya juu liliingiza faranga milioni 4.5 kabla ya kutoa mafuta, dereva, wapiga debe na vizuizi. Kiasi hicho tutakihitaji tutakapofika kwenye fidia.

Sheria ilisema nini hasa

Msiba uliotajwa sana wakati wa kuitetea sheria ulitokea mwishoni mwa Oktoba 2013: miili 92 ilikutwa jangwani karibu na mpaka wa Algeria, watoto 52, wanawake 33 na wanaume 7. Karibu wote walikuwa raia wa Niger kutoka Kantché, mkoa wa Zinder, waliokuwa wakienda Tamanrasset, nchini Algeria, ambako wengi wa wilaya hiyo huenda kuomba. Inafaa kulikumbuka hili, maana sheria iliyozaliwa na msiba wao ilitumika zaidi kwenye barabara nyingine, ya kwenda Libya, dhidi ya waliowabeba vijana wa nchi nyingine.

Maandishi yake yalifuata Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 dhidi ya magendo ya wahamiaji, na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilisaidia kuyaandaa. Magendo ya wahamiaji si sawa na usafirishaji haramu wa binadamu. Hilo la pili, lenye udanganyifu, vitisho na unyonyaji, lilikuwa tayari na sheria yake nchini Niger tangu Desemba 2010. La kwanza linahusu mtu anayemwezesha mwingine kuingia nchi isiyo yake kinyume cha sheria, kwa ajili ya kujipatia fedha. Abiria si mshtakiwa. Anayeshtakiwa ni aliyembeba.

Adhabu ya kosa la msingi ilikuwa kifungo cha miaka 5 hadi 10 na faini ya faranga milioni 1 hadi milioni 5. Kukiwa na mazingira ya kuzidisha uzito, kifungo kiliweza kufika miaka 30 na faini faranga milioni 30. Chombo kilichotumika hutaifishwa.

Sasa ugumu. Ili kosa likamilike, lazima pawe na nchi inayoingiwa kinyume cha sheria. Pikapu iliyokamatwa kwenye kizuizi cha Agadez ilikuwa bado Niger, na abiria wake, kama ni wa Senegal au Côte d'Ivoire, alikuwa ndani ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, ambako itifaki ya 29 Mei 1979 inampa raia wa nchi mwanachama siku 90 bila viza, mradi ana hati halali ya kusafiria na cheti cha chanjo. Kumzuia asisafiri ndani ya Niger hakukuwa na msingi. Kumshtaki dereva kulihitaji kuthibitisha kwamba angevuka mpaka ulio mbele kwa karibu kilomita elfu, kwa njia isiyo halali. Kilichobaki mkononi mwa askari ni dalili: wingi wa madumu, kilemba kipya, Kifaransa cha Conakry, Kiingereza cha Benin City.

Dalili zikawa kanuni. Msafara wa kijeshi haukusimamishwa, na raia wa Niger waliokwenda vibarua Libya waliendelea kupanda. Wengine waliteremshwa. Na uteremshaji haukungoja Agadez: mabasi yanayotoka Niamey nayo yakaanza kuwaogopa abiria wa nchi jirani wanaokwenda kaskazini, hata wenye vitambulisho kamili. Vizuizi vilivyokuwa vikidai chochote vikadai zaidi, kwa kuwa sasa aliyezuiwa alikuwa na cha kupoteza. Felipe González Morales, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki za wahamiaji, aliitembelea nchi Oktoba 2018, akaeleza kwamba utekelezaji umegeuza uhamaji wote wa kwenda kaskazini kuwa kama jinai. Mwaka 2022 mashirika ya kiraia yakaipeleka hoja ya uhuru wa kutembea mbele ya Mahakama ya ECOWAS.

Kwa nini 2016

Kati ya kupitishwa kwa sheria na kukamatwa kwa magari kuna mkutano wa Valletta wa Novemba 2015, ambako Umoja wa Ulaya ulizindua Mfuko wa Dharura kwa Afrika ukiwa na euro bilioni 1.8 za kuanzia. Niger ikawa miongoni mwa wanufaika wakubwa. Sehemu ya fedha iliingia moja kwa moja kwenye bajeti ya serikali, ikitolewa kwa awamu kufuatana na hatua zilizopigwa katika usalama na udhibiti wa mipaka. Uchaguzi wa mwanzoni mwa 2016 ulipopita, Mohamed Bazoum akashika Wizara ya Mambo ya Ndani na amri ya utekelezaji ikashuka. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliokuwa ukifundisha polisi, EUCAP Sahel Niger, ukafungua ofisi Agadez. Polisi wa Hispania na Ufaransa wakaunda na wenzao wa Niger kikosi cha pamoja cha upelelezi wa mitandao ya usafirishaji.

Magari zaidi ya 300 yalikamatwa na kuegeshwa kambini, yakapigwa jua mpaka matairi yakapasuka. Madereva, wapiga debe na wenye mageto walifungwa kwa mamia. Wakubwa wachache sana waliguswa. Aliye na gari moja hukamatwa na gari lake. Mwenye magari kumi humtuma dereva.

Kile kilichohamia jangwani

Magari hayakuisha, yaliacha barabara. Abiria walitolewa mjini usiku, wawili wawili kwa pikipiki, wakakusanywa nje ya vizuizi na kupakiwa huko. Madereva walizikwepa Dirkou na Séguédine, wakazima taa, wakapita mbali na visima kwa sababu visimani ndipo doria hukaa. Nauli ikapanda hadi faranga 300,000, wakati mwingine 500,000 na zaidi. Asiyekuwa na fedha hizo alikopeshwa safari na kuuzwa deni lake upande wa Libya, huko Sabha au Qatrun, na hapo magendo yanageuka usafirishaji haramu wa binadamu kwa maana kamili, kosa lililopaswa kuwa zito kuliko lote.

Rudi kwenye hesabu ya maji. Njia ya kuzunguka huongeza siku moja au mbili na huondoa visima. Mafuta ya ziada hula nafasi ya maji. Dereva akiona vumbi la doria, hesabu yake ni fupi: akikutwa na abiria ni miaka mitano jela na gari limekwenda, akikutwa peke yake, yuko safarini tu. Huwashusha na kuwaambia wangoje, kwamba atarudi. Wapo waliorudi. Wengine walikimbizwa mbali wakapotea wenyewe, wengine waliamua kutorudi. Sheria ilimpa dereva sababu ya kuwatupa watu, sababu ambayo kabla yake hakuwa nayo.

Mwanzoni mwa Juni 2017 wasafiri sita walitembea hadi kufika Dirkou wakiwa hai. Gari lao lilikuwa limeharibika jangwani. Wenzao 44, wengi wao wa Ghana na Nigeria, wakiwemo watoto, walikufa kwa kiu. Kwenye msafara wa Jumatatu, gari bovu ni usumbufu. Nje ya njia, gari bovu ni kifo cha wote waliomo. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilianza kutuma timu za kutafuta watu jangwani pamoja na kikosi cha ulinzi wa raia na uokoaji cha Niger, na mwaka huohuo wa 2017 wakazi wa Agadez na wanaharakati wenzao waliunda Alarme Phone Sahara, mtandao wa watu wa vijijini wanaotoa taarifa za waliokwama. Vifo vyenyewe havina hesabu kamili. Mchanga hufunika, na aliyekufa nje ya njia hukutwa na mchunga ngamia, kama atakutwa.

Takwimu zilipima kizuizi

IOM ilikuwa na vituo viwili vikuu vya kuhesabu wapitao: Séguédine kwa barabara ya Libya, Arlit kwa barabara ya Algeria. Mwaka 2016 vituo hivyo vilihesabu watu zaidi ya 333,000 wakitoka Niger. Mwaka 2017 hesabu ilishuka hadi chini ya 70,000. Desemba 2016 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba wasafiri kupitia Agadez walishuka kutoka 70,000 mwezi Mei hadi 1,500 mwezi Novemba. Baada ya wiki chache takwimu ya Novemba ikarekebishwa, ikapanda mara kadhaa. Habari ya kwanza ndiyo iliyobaki kwenye hotuba.

Hata bila kosa hilo, kipimo kilikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo. Kituo cha Séguédine humhesabu anayepita Séguédine. Utekelezaji ukimfundisha dereva kutopita Séguédine, hesabu itashuka hata kama hakuna abiria mmoja aliyebaki nyumbani. Kwamba idadi halisi ilipungua hatuna shaka, maana nauli mara tatu hukatisha tamaa wengi. Lakini kiasi gani cha anguko kilikuwa upungufu na kiasi gani kilikuwa ukwepaji, vituo vile havikuwa na namna ya kusema.

Kipimo cha pili kilikuwepo, nacho hakikupendeza. Kama Agadez ndiyo bomba kuu na bomba limefungwa tangu katikati ya 2016, waliofika Italia kwa bahari walipaswa kupungua baada ya miezi michache. Nusu ya kwanza ya 2016 walifika takriban 70,000. Nusu ya kwanza ya 2017, karibu mwaka mzima tangu utekelezaji uanze, walifika takriban 84,000. Anguko lilikuja kuanzia Julai 2017, nalo lina maelezo ya pwani: Februari Italia ilikuwa imesaini makubaliano na serikali ya Tripoli, boti za ulinzi wa pwani zikatolewa, na vikundi vyenye silaha vya Sabratha, mji wa pwani ya Libya, vilivyokuwa vikipakia maboti vikaanza kuyazuia. Mwaka ulifungwa na watu kama 119,000, kutoka 181,000 wa 2016.

Wapo watakaosema Libya ilikuwa na wahamiaji wengi wa akiba, hivyo athari ya Agadez ilichelewa. Ni hoja ya kweli kwa sehemu. Lakini mtu akiitumia, akubali pia kwamba takwimu ya Agadez ya Novemba 2016 haikuweza kuwa ushahidi wa chochote kilichotokea baharini, ilhali ndivyo ilivyotumika.

Fidia ya theluthi moja ya safari

Serikali ilijua kwamba imeufunga mji, na Umoja wa Ulaya uliahidi riziki mbadala. Mpango wa athari za haraka za kiuchumi, uliojulikana kwa kifupisho PAIERA, uliwaandikisha zaidi ya watu 6,000 waliokuwa wakiishi kwa biashara hiyo. Mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba alikuwa kwenye shughuli hiyo na ameiacha, aandike mradi, kisha angoje. Kiwango cha juu cha msaada kilikuwa faranga milioni 1.5, na mara nyingi kilitolewa kwa vitu: mbuzi na kondoo wa kufuga, vyombo vya mgahawa, pikipiki.

Milioni 1.5 ni theluthi ya mapato ghafi ya pikapu moja kwa safari moja. Kwa mama lishe au muuza madumu zilikuwa fedha za maana. Kwa mwenye gari hazikutosha hata kununua injini. Zaidi ya hapo, miaka miwili baada ya utekelezaji waliokuwa wamepata chochote walikuwa mia chache tu kati ya maelfu walioandikishwa. Na mlango wa akiba, machimbo ya dhahabu ya Djado yaliyovumbuliwa 2014 na kuwavuta vijana na magari yao, serikali iliufunga mwaka 2017. Hivyo ndani ya miezi michache mtu alizuiwa kubeba abiria na akazuiwa kubeba wachimbaji. Waliobaki na magari walirudi kwenye kazi ileile kwa njia ya usiku, na baadhi wakabeba shehena zenye faida zaidi na hatari zaidi: tramadoli, bangi, sigara, silaha.

Waliokuja kutoka upande wa pili

Nchi ya kupitia hupitiwa pande zote mbili. Tangu Novemba 2017 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilianza kuwahamisha kwa ndege wakimbizi waliokuwa wamefungwa kwenye vituo vya kuzuilia wahamiaji vya Libya, wengi wao Waeritrea, Wasomali na Wasudani, kwenda Niamey kungoja nchi za tatu ziwachukue. Nchi hizo zilichelewa. Machi 2018 Niger ikasimamisha ndege kwa muda, kwa kuwa walioingia walikuwa wengi mno kuliko waliotoka. Kambi ya Hamdallaye, kilomita kama 40 kutoka Niamey, ndiyo iliyowapokea. Mfumo huo ulipozidiwa, ukatafutwa mlango wa pili, nao ukapatikana Afrika Mashariki: Septemba 2019 Rwanda ilisaini na Umoja wa Afrika na UNHCR, na kabla mwezi haujaisha watu 66 wa kwanza walishushwa Kigali na kupelekwa Gashora, wilaya ya Bugesera.

Wakati huohuo kuanzia mwishoni mwa 2017 Wasudani, wengi wa Darfur, walishuka wenyewe kutoka Libya hadi Agadez wakiomba hifadhi, takriban 2,000. Hawa hawakuwa kwenye mpango wa mtu. Mei 2018 Niger iliwarudisha Libya zaidi ya 130 miongoni mwao, kitendo kilichokwenda kinyume na katazo la kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Waliobaki waliwekwa kambini kilomita 15 nje ya mji, ambako maombi yao yalikaa miezi na miezi. Desemba 2019 waliandamana hadi mjini, wakakaa siku kadhaa nje ya ofisi ya UNHCR, na waliporudishwa kwa nguvu tarehe 4 Januari 2020, sehemu kubwa ya kambi ikateketezwa kwa moto. Mamia walikamatwa. Mfumo uliojengwa kuzuia watu kutoka haukuwa umewekewa uwezo wa kuamua maombi ya watu wanaoingia.

Baada ya Novemba 2023

Bazoum, rais tangu Aprili 2021, alipinduliwa tarehe 26 Julai 2023. Umoja wa Ulaya ukasimamisha misaada, na kiongozi wa mapinduzi, Jenerali Abdourahamane Tiani, akajibu kwa kifaa alichokuwa nacho. Amri ya 25 Novemba haikuishia kuifuta sheria. Ilifuta pia hukumu zilizotolewa chini yake na madhara yake. Siku chache baadaye, tarehe 4 Desemba, Niger iliondoa ridhaa yake kwa EUCAP. Agadez ilishangilia, na pikapu zikarudi kujipanga mchana kweupe nyuma ya msafara.

Ulaya iliingiwa na hofu kwamba bahari itafurika. Mwaka 2023, sheria ikiwa hai kwa karibu miezi kumi na moja, Italia ilipokea watu zaidi ya 157,000. Mwaka 2024, mwaka mzima wa kwanza bila sheria, ilipokea takriban 66,000. Hatusemi kwamba kufutwa kwa sheria kulipunguza safari. Ulinzi wa pwani za Tunisia na Libya ndio uliobadilika. Ila hii ni mara ya pili kisa hiki kinaonyesha kwamba Agadez na Lampedusa, kisiwa cha Italia wanakofikia wengi wa wavuka bahari, haziendi kwa mshale mmoja wa saa.

Kufuta sheria kulirudisha kitu kimoja cha thamani, nacho ni uwezo wa kusafiri njia inayojulikana, ndani ya msafara, kwa gari lenye namba. Hakukurudisha mengine. Algeria haikuhusika na sheria ya Niger na haijabadilisha desturi yake: huwakusanya wahamiaji mijini, huwapakia malori hadi sehemu iitwayo Pointi Ziro na kuwaacha watembee kilomita kama 15 hadi Assamaka. Mwaka 2024 waliosukumwa hivyo walipita 31,000.

Na ile haki ya siku 90, iliyokanyagwa kwenye vizuizi vya Agadez kwa miaka saba, nayo imebadilika umbo. Niger ilijitoa rasmi ECOWAS tarehe 29 Januari 2025 pamoja na Mali na Burkina Faso. Desemba 2024 nchi hizo tatu zilitangaza kwamba raia wa ECOWAS wataendelea kuingia bila viza. Kijana wa Gambia anayeshuka basi Agadez leo haendi kinyume cha sheria yoyote ya Niger. Lakini akiteremshwa kesho, hana tena itifaki ya 1979 ya kuisomea mahakama, ana tamko la serikali tatu za kijeshi zinazoweza kulibadilisha kwa tamko jingine.